Bibi Aliyeomba Funguo za Watu

Wasikilizaji wapendwa, mlio majumbani, mlio kazini na mlio njiani, karibuni tukae pamoja kidogo. Aliye na kelele karibu yake azipunguze. Leo tunamkumbuka mama mmoja ambaye hamkuwahi kumsikia redioni wala kumwona gazetini. Lakini kule alikoishi miaka yake ya mwisho, ukimuulizia kwa mtoto yeyote, mtoto anakushika mkono na kukupeleka mpaka mlangoni.

Watoto hao walimwita Bibi Wotewapo.

Jina hilo lilitokana na mdomo wake mwenyewe. Akiingia ndani, anauliza, "Wote wapo?" Akitoka nje, "Wote wapo?" Akiamka kutoka kwenye usingizi wa mchana, kabla hajajua kichwa kiko wapi na miguu iko wapi, "Wote wapo?" Na watoto wanaitikia kwa pamoja, "Wapo!" Asiposikia jibu, hakai chini.

Bibi Wotewapo amefariki dunia. Amefariki hospitalini, mapafu yakiwa yamechoka, binti yake akiwa pembeni mwa kitanda. Nasema tena kwa waliochelewa kujiunga nasi: Bibi Wotewapo, mama wa watoto wawili, bibi wa wajukuu watatu wa damu na wengine wengi wasio wa damu, ametutoka.

Mama huyu, wasikilizaji wapendwa, hakuwa mtu wa mjini. Alizaliwa kilimani, akaolewa kilimani, akazika mume kilimani. Alilima mahindi na maharage. Watoto wake wawili, wa kiume na wa kike, aliwasomesha kwa jembe hilohilo. Walipokua, wakaenda mjini kutafuta maisha. Yeye akabaki. Hakulalamika. Vijana wote wa kilima kile walikuwa wanakwenda, na wake kwa nini wasiende?

Kisha wajukuu wakaanza kuja. Wa kwanza kuletwa alikuwa binti wa mwanawe wa kiume, mama yake akiwa amefariki wakati wa kumzaa mdogo wake. Yule mdogo naye akafuata, angali na meno mawili tu. Halafu binti yake naye akaleta mtoto wake. "Mama, kaa naye kidogo tu, nikishajipanga nitakuja kumchukua." Hiyo kidogo ikawa miaka.

Na kilima kikawa kinapungua watu. Alikuwa akisimama mlangoni asubuhi anatazama mapaa ya majirani. Moshi ulikuwa unatoka kila jiko. Mwaka mmoja baadaye, majiko machache yakawa kimya. Mwaka uliofuata, mengi. Mwenye duka akafunga, akawafuata wateja wake mjini. Muuguzi wa zahanati akahamishwa, na hakuletwa mwingine. Nyumba zikabaki na makufuli milangoni, na makufuli yakaota kutu.

Jirani wa karibu aliyebaki alikuwa seremala mzee, mjane kama yeye. Kila asubuhi alisikika akigonga nyundo. Hakuwa na wateja tena, lakini nyundo aligonga. Bibi alikuwa akisikia ile ko-ko-ko anajisemea, "Haya, mwenzangu kaamka." Wote wawili walikuwa hawana cha kuzungumza siku nyingi, ila sauti ile ilimtuliza roho.

Asubuhi moja hakuisikia.

Alianza kupepeta maharage, akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Mjukuu wake mkubwa anakumbuka vizuri. Alituambia hivi: "Bibi aliniambia nibaki na wadogo zangu. Akaenda mwenyewe. Aliporudi alikuwa anatembea polepole, akatuuliza kama wote tupo. Tukasema tupo. Akatuuliza tena."

Seremala alikuwa amekufa kitandani kwake. Na sasa, wasikilizaji wapendwa, nani wa kuchimba kaburi? Wanaume wenye nguvu hawakuwepo. Kaburi la mzee yule lilichimbwa na wanawake, pamoja na babu mmoja mwenye goti bovu. Bibi alishika jembe na yeye. Udongo ulikuwa mgumu. Wakichimba kidogo wanapumzika, wanatazamana, hakuna anayesema kile ambacho kila mmoja anakiwaza. Kwamba mwingine akifuata, mikono itakuwa michache zaidi.

Tangu siku ile, wasiwasi ukahamia kwake. Alikuwa anawaza: nikianguka mimi, hawa watoto watamwita nani?

Na akaanguka kweli.

Ilikuwa shambani, jua kali, kichwa kikamzunguka akaenda chini. Mjukuu mkubwa, msichana wa miaka tisa wakati ule, alimtikisa hakuamka. Akakimbia. Akaenda nyumba ya kwanza, "Hodi! Hodi!" Kufuli. Nyumba ya pili, kufuli. Akazunguka kilima kizima akibisha milango ya watu waliohama, maana hofu ilimsahaulisha nani yupo na nani hayupo. Mwisho akarudi mbio na sufuria ya maji, akammwagia bibi yake yote usoni.

Bibi akafumbua macho. Akamtazama mtoto, amelowa chapachapa, analia. Akasema, "Mjukuu wangu, kama ulitaka kuniogesha, ungeleta na sabuni."

Mtoto akacheka huku analia. Lakini bibi hakuwa anacheka. Moyo wake ulikuwa umeshakata shauri.

Jioni ile alimpigia simu mwanawe. Huyu mwanawe alikuwa amemwambia kwamba yeye ni msimamizi wa ghala, ana nyumba nzuri, na kuwachukua watoto ni suala la muda tu.

"Mwanangu, njoo uchukue watoto."

"Mama, vumilia kidogo. Mambo yakikaa sawa nakuja."

"Hayo mambo yako yamesimama miaka yote hii. Hayachoki yakakaa?"

Akampigia na binti yake. Jibu likawa lilelile, ila kwa sauti ya kike. Basi Bibi Wotewapo hakupiga simu tena. Alipalilia maharage yake mpaka akamaliza, akafunga mlango, akapanda basi na wajukuu watatu. Alikuwa na nia moja. Amkabidhi kila mzazi mwanawe, kisha arudi zake kilimani, maharage hayajakomaa.

Alifika kwanza kwa mwanawe, kwenye mtaa aliotajiwa. Hapakuwa na ghala. Palikuwa na jengo refu la vioo, na getini palikuwa na kibanda, na ndani ya kibanda, amevaa sare iliyompwaya mabegani, alikuwa mwanawe. Mlinzi. Alikuwa akilinda pale na kulala palepale.

Yule mjukuu mdogo alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake, akachungulia. "Bibi, huyu askari ni nani?"

Wasikilizaji wapendwa, mlinzi yule mwenyewe ndiye aliyetusimulia. Alisema, "Nilitamani ardhi inimeze. Mwanangu ananiita askari. Nikamwambia, mimi ni baba yako. Akamtazama bibi yake kwanza, kama anauliza, ni kweli?"

Bibi aliingia kibandani. Akatazama kiti, jiko dogo, shati lililotundikwa kwenye msumari. Alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga safari nzima. Yote yakamwishia mdomoni. Alichosema ni hiki: "Ungeniambia, baba. Ningekuombea nikijua unalala wapi."

Kwa hiyo wote wanne wakaelekea kwa binti yake. Huyu alikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha nguo, naye alipanga chumba kimoja katika nyumba ndefu ya vyumba vingi, mlango kwa mlango, bondeni, nyuma ya barabara kubwa. Walifika mchana. Binti yake alikuwa bado kazini.

Ua ulikuwa kimya. Kimya cha ajabu, mchana kweupe, nyumba yenye wapangaji wote wale. Makufuli kila mlango. Bibi akaketi juu ya mzigo wake, akasema moyoni, kumbe hata huku watu wamehama?

Ndipo akasikia kitu kikikwaruza. Akainuka, akafuata sauti mpaka chumba cha mwisho. Chini ya mlango palikuwa na uwazi mwembamba, na kwenye uwazi ule palikuwa na vidole. Vidole vya mtoto.

"Nani humo?"

"Mimi."

"Mama yako yuko wapi?"

"Kazini."

"Nifungulie basi, mjukuu wangu."

"Kumefungwa kwa nje."

Na kutoka vyumba vingine, wasikilizaji wapendwa, sauti zikaanza kuitika. Kikohozi huku. Kilio cha mtoto mchanga kule, na sauti ya dada yake, naye bado mtoto, ikimbembeleza. Nyumba haikuwa tupu. Ilikuwa imejaa watoto, na kila mmoja alikuwa amefungiwa. Bibi alivuta mkono wa kila mjukuu wake, akamwambia mkubwa awashike wenzake, asiachie.

Binti yake aliporudi, hawakusalimiana vizuri.

"Watoto wanafungiwa kama kuku?"

"Mama, usianze. Nje kuna barabara, kuna mtaro, kuna watu hatuwajui. Mlango ukifungwa, akili ya mzazi inatulia kazini."

"Ya mzazi inatulia. Moto ukitokea je?"

"Mama, nifanyeje? Nikikaa nao hatuli. Nikienda, wabaki na nani? Na hawa kesho nitawafungia humu, na maji na mkate. Nifanyeje? Niambie wewe."

Mshonaji yule alituambia kwamba mama yake alikaa kitandani akitazama mlango mpaka chakula kikapoa. Kisha akasema, kwa shingo upande, "Basi maharage yataliwa na ndege."

Maana yake ilikuwa kwamba harudi.

Asubuhi yake alisimama kwenye kona ya ua, pale ambapo kila mpangaji lazima apite akienda kazini, akaanza kuomba. Hakuomba kitu kingine. Aliomba funguo.

"Mwanangu, niachie ufunguo. Nitakaa na mtoto hapa uani, nitamlisha ulichomwachia, jioni utamkuta."

Jamani, mgeni wa juzi anaomba funguo za nyumba za watu! Waliokuwa na haraka walimpita. Mmoja alicheka. Mwingine alimwuliza binti yake kama mama yake ni mzima. Walinong'ona kwamba ni mwizi, na walionong'ona zaidi walisema ni mchawi, maana mwizi gani anaomba kwanza? Binti yake aliona aibu mpaka akawa anapita pale amejifunika mtandio usoni.

Wa kwanza kukubali alikuwa muuza mitumba, mama wa yule mtoto mchanga. Alikubali kwa kuchoka tu. Aliporudi jioni akakuta wanawe wameoga, wanacheza. Akaketi palepale kwenye kizingiti akalia. Kesho yake wakaja wawili. Wiki iliyofuata, karibu ua mzima. Bibi alikuwa na funguo nyingi shingoni, kwenye uzi, akitembea zinalia, kama ng'ombe aliyevishwa kengele. Yeye mwenyewe ndiye aliyejifananisha hivyo.

Mmoja tu alikataa. Mama wa chumba cha mwisho, mfagiaji wa maofisi. Tusimhukumu, wasikilizaji wapendwa. Aliwahi kumwachia jirani ufunguo, huko alikopanga kabla, akarudi akakuta chumba kitupu, hata godoro limechukuliwa. Alimwambia bibi kwa heshima, "Shikamoo mama, lakini hapana. Siwezi."

Bibi hakugombana naye. Alichofanya, alihamisha kigoda chake. Akawa anaketi karibu na mlango ule wa mwisho, watoto wengine wamemzunguka, anasimulia hadithi kwa sauti ili na wa ndani asikie. Mara anamwuliza, "Wewe wa humo ndani, sungura alikosea au hakukosea?" Na sauti inatoka chini ya mlango, "Alikosea!" Mtoto wa miaka minne, hajawahi kuuona uso wa bibi yule vizuri, lakini sauti yake aliijua kuliko kitu chochote.

Mlinzi, mwanawe, alikuwa akija siku yake ya mapumziko. Anasema mama yake hakuwa na raha. "Alikuwa ananusa. Kila mara ananusa hewa. Ananionyesha nyaya za umeme, zimeungwaungwa, chumba hadi chumba, mpaka zinatisha. Anasema, mwanangu, hii nyumba inanipa homa. Tukamwambia mwenye nyumba. Akasema atakuja na fundi. Tukamwambia tena. Akasema atakuja na fundi."

Fundi hakuja. Ulikuja moto.

Ilikuwa mchana, upepo unavuma, wazazi wote wako makazini. Bibi alisikia harufu ya plastiki inayoungua kabla hajaona moshi. Hakupiga kelele. Aliinuka akasema, "Wote shikaneni mikono, tunakwenda barabarani kwa fundi baiskeli, twende." Wakamfuata, kama mchezo. Walipofika kwa fundi baiskeli pale kona, akageuka. Moshi mweusi ulikuwa umeshafunika paa.

"Wote wapo?"

"Wapo!" watoto wakaitika.

Lakini hawakuwepo wote, na yeye alilijua hilo vizuri.

Fundi baiskeli anasimulia: "Bibi aliniambia neno moja tu, nondo. Nikachukua nondo, tukakimbia. Sijawahi kuona mtu mzima anakimbia vile. Nikavunja kufuli. Ndani giza, moshi. Nikaita, mtoto, mtoto, njoo! Kimya. Nikaingia nikapapasa, hayupo. Kumbe kajificha chini ya kitanda, na kila nikiita ndivyo anavyozidi kurudi nyuma, maana mimi hanijui. Pumzi ikaniishia, nikatoka."

Bibi akaingia. Amejifunga kanga mdomoni, lakini alipofika ndani aliivua, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kuita. Akapiga magoti, akaita kwa sauti ileile ya kila siku. "Wewe wa humo ndani, njoo kwa bibi. Njoo nikumalizie ya sungura."

Na mtoto akaja. Akaifuata sauti mpaka mikononi mwake.

Vyumba viliungua, wasikilizaji wapendwa. Magodoro, nguo, vyombo, vyote vikawa majivu. Lakini hakuna mtoto aliyekufa. Nasema tena, maana ndiyo habari yenyewe: katika nyumba ile iliyokuwa na mtoto nyuma ya kila mlango, hakuna mtoto hata mmoja aliyekufa.

Mfagiaji wa maofisi alifika anakimbia, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Alimkuta mwanawe amelala mapajani kwa bibi, uso umejaa masizi. Alitoa ufunguo kutoka kifuani akamwekea bibi mkononi, ufunguo wa mlango ambao haukuwepo tena. Bibi, akikohoa, akamwambia, "Kaa kwanza, mama. Kaa upumue."

Kikohozi kile hakikuisha.

Kwa miezi kadhaa kilipanda na kushuka. Wapangaji walitawanyika, kisha wengi wakarudi, maana nyumba zilizo karibu na kazi ni zipi? Mwenye nyumba alijenga upya, safari hii fundi alipatikana. Bibi akarudi kwenye kigoda chake. Hata watu wa nyua nyingine wakaja kuuliza, hivi ninyi mnafanyaje? Naye anawaeleza, anakohoa, anaeleza. Lakini kila siku alikuwa akisema ataondoka. Alitaka kujua kama paa lake la kilimani limevuja. Alipiga simu kwa watu aliowajua kule, na simu zikawa haziiti. Babu mwenye goti bovu naye alikuwa ameshachukuliwa na watoto wake.

Mwanawe alimwahidi kumpeleka mwisho wa mvua. Lakini kabla mvua haijaisha, kikohozi kikamzidi. Alilazwa, na hakutoka.

Binti yake mshonaji anasema, "Siku ya mwisho aliniuliza, shamba limepaliliwa? Nikamshika mkono. Akaniuliza tena. Kisha akasema, haya, nenda ukakae na watoto, jioni imefika. Hakusema lingine."

Walimrudisha kilimani, akazikwe karibu na mumewe. Ua mzima ulikwenda. Fundi baiskeli alikwenda, mfagiaji wa maofisi alikwenda na mwanawe mgongoni. Kaburi lilichimbwa na wanaume safari hii, mlinzi akiwa mbele yao, mikono iliyozoea rungu na tochi ikatoka malengelenge. Kwa siku moja kilima kilijaa watu kama zamani. Majiko yaliwaka. Watoto walikimbizana. Shamba lake lilikuwa limekuwa pori, huwezi kujua mahindi yaliota wapi.

Asubuhi iliyofuata, basi likapiga honi. Ruhusa za kazini zilikuwa za siku mbili tu, na wengine hata hizo hawakupewa. Watu wakakunja mikeka, wakapanda. Yule mjukuu mkubwa, sasa msichana wa miaka kumi na moja, alikuwa wa mwisho kupanda. Alisimama kwenye ngazi ya basi, akatazama kilima, akamwuliza baba yake, "Baba, sasa nani anabaki?"

Mlinzi anasema alitafuta jibu safari nzima.

Leo hii binti mshonaji ameacha kiwanda. Anakaa na watoto uani, na wazazi wengine wanapeana zamu kumsaidia. Anasema kazi hiyo haina usingizi. Anasema sasa ndiyo anaelewa kwa nini mama yake alikuwa akinusa hewa.

Kwa mshonaji huyo, kwa kaka yake mlinzi, kwa wajukuu watatu na kwa watoto wote wa ule ua, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole nyingi kutoka moyoni. Pole kwenu, wafiwa. Mmepoteza mama, na mji umepoteza mtu ambaye haukumwita na wala haukumshukuru. Mwenyezi Mungu ailaze roho yake pahali pema.

Na wewe uliye na sisi sasa hivi, usizime redio kwanza. Kama upo kazini, jiulize kimoyomoyo: mtoto wako sasa hivi yuko na nani? Na mama yako, kule ulikotoka, akiita leo, nani anamsikia? Kama majibu yote mawili unayo, nenda kwa amani. Kama huna hata moja, simu si hiyo hapo mkononi? Piga. Tutaweka kimya kidogo, upate nafasi ya kuzungumza.